Vibao vya Udongo vya Iraki na Wizi wa Malikale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Picha ya kibao chenye malalamiko ya mteja dhidi ya muuza shaba imezunguka sana kwenye simu za watu, na kila inapopita inaacha maswali nyuma yake. Mengine yanajibika kwa sentensi mbili. Mengine yanataka mtu akae kitako. Yafuatayo ndiyo yanayojirudia zaidi.

Kibao cha udongo ni kitu gani hasa?

Ni udongo laini wa kando ya mto, uliosafishwa, ukafinyangwa hadi ukaenea kiganjani, kisha ukaandikwa ungali mbichi kwa kubonyezwa ncha ya tete. Kila mbonyezo huacha alama yenye umbo la kabari, na ndiyo sababu maandishi hayo huitwa mwandiko wa kikabari. Kuna vibao vidogo kama stempu ya posta na kuna vikubwa vinavyohitaji mikono miwili kuvinyanyua. Vingi havikuchomwa tanuruni. Vilianikwa tu vikakauka.

Vya kale zaidi vimetoka Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, na umri wake unarudi hadi takriban mwaka 3300 KK. Anayetarajia kwamba binadamu alianza kuandika kwa ajili ya mashairi au sala atavunjika moyo: vibao vya mwanzo ni hesabu za shayiri, bia, kondoo na vibarua. Mashairi yalikuja karne nyingi baadaye. Mwandiko huo ulidumu zaidi ya miaka 3,000, ukaandika Kisumeri, Kiakadi (ndugu wa mbali wa Kiarabu na Kiebrania), Kielamu, Kihiti na lugha nyingine, hadi ulipozimika katika karne ya kwanza BK. Watu wa mwisho kuutumia walikuwa wanajimu wa Babeli.

Udongo mkavu umedumuje miaka yote hiyo?

Kwa sababu hauozi, hauliwi na mchwa, na moto, adui wa kila maktaba, huuimarisha. Mji wa Ninawi ulipotekwa na kuchomwa mwaka 612 KK, maktaba ya Mfalme Ashurbanipal iliporomoka pamoja na jumba lake. Kilichoandikwa kwenye ngozi na mbao kilikwisha. Vibao viliiva. Wachimbaji wa karne ya 19, Austen Henry Layard na Hormuzd Rassam, walikuta humo vibao na vipande vya vibao karibu 30,000.

Ila kibao ambacho hakikuchomwa ni dhaifu. Chumvi ya ardhini hujipenyeza ndani yake, na kikitolewa ghafla kikapigwa na hewa kavu, chumvi hiyo hujitokeza juu na kuanza kubandua uso wenye maandishi. Fundi wa makumbusho hukishughulikia taratibu kwa siku nyingi. Mwizi hukifunga kwenye gazeti.

Vimeandikwa mambo gani?

Kila jambo ambalo karani angeweza kuulizwa. Stakabadhi ndizo nyingi kupita zote: fulani kapokea kondoo wawili, fulani kalipwa posho ya shayiri. Kuna hati za nyumba, mikataba ya ndoa, mashtaka, dawa za kuchemsha, utabiri wa kutazama maini ya kondoo, orodha za miti na ndege, na mazoezi ya wanafunzi wenye mwandiko mbovu, mwalimu kaandika upande mmoja na mtoto kaiga upande wa pili.

Kule Kanesh, mahali panapoitwa leo Kültepe nchini Uturuki, zilipatikana nyaraka zaidi ya 20,000 za wafanyabiashara kutoka Ashuru waliosafirisha bati na vitambaa kwa misafara ya punda karibu miaka 3,900 iliyopita. Barua nyingi zilitiwa ndani ya bahasha, nayo ni ya udongo. Wake waliobaki nyumbani Ashuru ndio waliofuma vitambaa hivyo, na barua zao hazina mzaha: wanadai fedha zao, wanalalamika kwamba ghala ni tupu, wanamuuliza mume kwa nini anaona kitambaa kimepungua ubora ilhali wao wamekifuma kama alivyoagiza.

Kuna pia hisabati. Kibao kimoja kilichopo Chuo Kikuu cha Yale kina mraba wenye mistari ya pembe kwa pembe, na karani ameandika kipeuo cha pili cha 2 kwa usahihi wa kushangaza, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Pythagoras kuzaliwa. Wao walihesabu kwa sitini, na dakika 60 za saa yako zimetoka huko huko.

Na kuna Gilgamesh, utenzi wa kale wa mfalme shujaa. Mwaka 1872 George Smith, aliyeanza kazi kama fundi wa kuchonga nakshi za kuchapia noti na kujifundisha mwandiko huu mwenyewe, alisoma kwenye kibao cha Ninawi habari za gharika, safina, na ndege aliyetumwa kutafuta nchi kavu. London nzima ilizizima.

Nani alivisoma mara ya kwanza?

Si mtu mmoja. Georg Friedrich Grotefend wa Ujerumani alipiga hatua ya kwanza mwaka 1802 kwa maandishi ya Kiajemi cha kale. Henry Rawlinson alinakili maandishi ya lugha tatu kwenye jabali la Bisotun, Iran. Edward Hincks, kasisi wa Ireland, alifungua mengi bila kupewa sifa zake. Mwaka 1857 wataalamu wanne walipewa matini moja, kila mtu akaitafsiri peke yake, na tafsiri zao zikashabihiana. Kuanzia hapo ubishi ukaisha.

Kama vipo kwa mamia ya maelfu, kuibiwa vichache kuna hasara gani?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, na wanaouliza hawana makosa. Makumbusho ya Uingereza peke yake ina vibao na vipande karibu 130,000. Vingi duniani havijasomwa kabisa kwa sababu wasomaji wake ni wachache mno. Kwa hiyo kibao kimoja kinachopotea kinaonekana si kitu.

Chukua yule muuza shaba. Jina lake Ea-nasir, aliishi mji wa Ur karibu mwaka 1750 KK, na mteja wake Nanni alimwandikia kwa hasira kwamba ameletewa shaba mbovu na mtumishi wake kadharauliwa. Kibao hicho peke yake ni kichekesho kizuri. Lakini Leonard Woolley alipochimba mtaa ule alikuta ndani ya nyumba moja barua kadhaa za watu tofauti, wengi wakimdai huyo huyo. Kwa kuwa zilikuwa nyumba moja, tunaamini nyumba ilikuwa ya Ea-nasir mwenyewe. Kwa kuwa nyumba ilipimwa na kuchorwa, tunajua ukubwa wa makazi yake na majirani zake. Shaba yake aliinunua Dilmun, yaani pande za Bahrain, na kwa njia hiyo mtaa mmoja wa Ur unaungana na biashara ya Ghuba nzima.

Sasa fikiria nyumba hiyo ingefikiwa na wezi kwanza. Barua moja ingeuzwa Geneva, nyingine Tokyo, ya tatu ingevunjika kwenye gunia. Hakuna ambaye angejua kwamba zilikaa pamoja. Maneno yangebaki, Ea-nasir angekwenda.

Hilo si la kufikirika tu. Baada ya 2003 sokoni vilianza kuonekana vibao vingi vikitaja mji uitwao Irisagrig, wa zama za wafalme wa Ur, karibu miaka 4,000 iliyopita. Wataalamu wakapata mishahara ya watu wa mji, majina ya maofisa, hata chakula cha mbwa wa jumba la mfalme. Walichokosa ni mji wenyewe. Nyaraka za mji zilijulikana zikiwa tayari zimetawanyika kwa wanunuzi, na mahali ulipokuwa ilibidi patafutwe kwa kukisia, kwa kulinganisha maandishi hayo na picha za setilaiti za vilima vilivyojaa mashimo.

Wizi huu ulianza lini?

Zamani, na walioanza si wanakijiji peke yao. Mwaka 1877 Ernest de Sarzec, balozi mdogo wa Ufaransa, alianza kuchimba Tello, uliokuwa mji wa Girsu. Mwaka 1894 ilifumka hazina ya makumi ya maelfu ya vibao, na kila de Sarzec alipoondoka wachimbaji wa hapo walirudi usiku. Ndiyo maana leo karibu kila makumbusho ya Ulaya ina kibao cha Girsu, na vingi vilinunuliwa kwa madalali wa Baghdad na maofisa wa makumbusho waliojua vizuri vilikotoka. Dola ya Uthmaniya ilikwisha kutangaza mwaka 1884 kwamba malikale zote ni mali ya serikali. Sheria ilikuwepo. Waliotakiwa kuiheshimu waliipitia pembeni.

Iraki huru iliweka sheria yake kali mwaka 1936, na kwa miongo kadhaa ililinda vilima vyake kwa walinzi wa kulipwa, wengi wao watu wa makabila ya hapo hapo. Mambo yaliharibika baada ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa vya Agosti 1990. Mishahara ikageuka makaratasi. Mwaka uliofuata, katika ghasia zilizofuata Vita vya Ghuba, makumbusho kadhaa ya mikoani yalivunjwa na kuporwa. Vibao vikaanza kumiminika London.

Aprili 2003 Baghdad kulitokea nini?

Kati ya tarehe 10 na 12 Aprili, majeshi ya Marekani yakiwa yameshaingia mjini, Makumbusho ya Iraki iliporwa. Vitu karibu 15,000 vilitoweka, vikiwemo maelfu ya mihuri midogo ya mawe iliyokuwa ghala la chini, ambayo inaingia mfukoni bila kutuna. Chombo kikubwa cha mawe cha Uruk kilirudishwa mwezi Juni kikiwa vipande kwenye buti la gari. Sura ya mwanamke ya Uruk, ya marumaru, ilifukuliwa Septemba shambani. Sanamu ya shaba ya Bassetki ilitolewa Novemba kwenye shimo la maji taka. Waliorudisha kwa hiari hawakuhojiwa, na misikiti ilisaidia kuwahimiza. Njia hiyo ilizaa matunda.

Mkusanyo wa vibao wa makumbusho hiyo ulisalimika kwa sehemu kubwa. Kamera za dunia zilikaa Baghdad, lakini msiba wa vibao ulikuwa kusini.

Huko kusini ilikuwaje?

Umma, Isin, Adab, Zabalam: majina haya hayatajwi sana kwenye habari, na ndiyo miji iliyotobolewa. Magenge ya watu mamia, baadhi wakiwa na silaha, walichimba usiku kwa taa za jenereta, mchana wakalala mle mle. Wengine walikuwa vibarua wa zamani wa wanaakiolojia. Walijua ukuta wa tofali bichi unavyoonekana na chumba cha nyaraka hukaa wapi. Picha za setilaiti zinaonyesha vilima ambako mashimo yamegusana, hakuna hata mahali pa kusimama kati ya shimo na shimo.

Abdulamir al-Hamdani, aliyekuwa mkaguzi wa malikale mkoani Dhi Qar na baadaye akawa Waziri wa Utamaduni wa Iraki, alipambana na magenge hayo akiwa na magari machache na walinzi wachache. Askari wa carabinieri wa Italia waliokuwa Nasiriyah walisaidia doria kwa kipindi. Ayatollah Ali al-Sistani alitoa fatwa ya kukataza uchimbaji na uuzaji huo, na kusini mwa Iraki neno lake lina uzito kuliko tangazo la wizara.

Syria nayo ilifuata baada ya vita kuanza mwaka 2011. Mari, mji wa kando ya mto Frati uliotoa vibao karibu 20,000 tangu uchimbaji ulipoanza mwaka 1933, ulitobolewa mamia ya mashimo. Kundi la Dola la Kiislamu lilivunja sanamu mbele ya kamera, na nyuma ya kamera lilitoza ushuru kwa wachimbaji. Huko Palmyra, mji wa magofu ya kale wa Syria, Agosti 2015, lilimuua Khaled al-Asaad, mzee aliyeitunza Palmyra maisha yake yote.

Wanaochimba wanatajirika?

Hapana. Mchimbaji hupata pesa ya unga na mafuta ya taa. Dalali wa kijijini huzidisha kidogo, mvushaji wa mpakani huzidisha zaidi, na bei hupaa pale tu kibao kinapopata karatasi safi na picha nzuri kwenye katalogi. Sioni haki kumtupia lawama zote mkulima ambaye mto wake umekauka na serikali yake imeanguka, halafu tukampa mkono mnunuzi kwa sababu amevaa suti na huita wizi wake ukusanyaji.

Kibao kinatokaje shimoni Iraki mpaka duka la New York?

Kwa uongo wa makaratasi zaidi ya ujasiri wa baharini. Kesi iliyoeleza njia hiyo kwa uwazi ni ya Hobby Lobby, kampuni ya Marekani ya vifaa vya kazi za mikono, ambayo wamiliki wake walikuwa wanakusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Biblia.

Mwaka 2010 rais wa kampuni na mshauri wake walikwenda Umoja wa Falme za Kiarabu kutazama bidhaa. Vibao vilikuwa vimetandazwa sakafuni, vingine vimepangwa kwenye meza ya kahawa. Mtaalamu waliyemwajiri aliwaonya kwamba vitu vya aina hiyo huenda vimeporwa Iraki. Desemba mwaka huo wakanunua vitu zaidi ya 5,500 kwa dola milioni 1.6. Malipo yaligawanywa kwenye akaunti kadhaa za watu. Vifurushi vikatumwa kwenye anwani tofauti vikiwa na maelezo kwamba ndani mna vigae vya udongo, sampuli tu. Forodha ya Marekani ikanasa baadhi. Mwaka 2017 kampuni ilikubali kuachia mali hizo na kulipa dola milioni 3, na Mei 2018 vitu karibu 3,800 vikakabidhiwa Iraki. Vingi kati ya vibao hivyo vilitoka Irisagrig, mji ule ule.

Kisha likaja la Gilgamesh. Kipande kinachosimulia ndoto za shujaa huyo kiliingizwa Marekani kutoka London mwaka 2003 bila kutangazwa forodhani, kikiwa kimejaa vumbi hata hakisomeki. Baadaye muuzaji alikitengenezea barua ya kudai kwamba kilinunuliwa San Francisco mwaka 1981 kwenye mnada, ndani ya sanduku la vipande vya shaba nyeusi. Barua ile ilitosha. Kibao kikapita mikono kadhaa, na mwaka 2014 Hobby Lobby ikakinunua kwa dola 1,674,000 kupitia nyumba kubwa ya mnada. Serikali ikakikamata mwaka 2019, na Septemba 2021 kikarejeshwa kwa Iraki. Miezi michache kabla, ndege iliyombeba Waziri Mkuu Mustafa al-Kadhimi kutoka Washington ilirudi na vitu 17,000, vilivyotoka hasa kwenye makumbusho hiyo ya Biblia na Chuo Kikuu cha Cornell.

Tazama ni nini kilichokuwa kinauzwa. Udongo ulikuwa ule ule tangu 2003. Kilichopandisha bei ni ile barua.

Si afadhali vikae Ulaya ambako kuna usalama?

Hofu hiyo ina msingi. Aliyeona nyundo zikishuka kwenye makumbusho ya Mosul mwaka 2015 hawezi kucheka anayesema hivyo. Ila hoja hii inachanganya mambo mawili: kitu kilichokwisha kuchimbwa kikahifadhiwa, na kitu kilichokuwa kimelala ardhini. Kibao kilichomo futi kumi chini ya udongo wa Umma kilikuwa salama kwa miaka 4,000. Kilichokitoa usalama wake ni bei yake huko Ulaya.

Na safari za huko hazikuwa salama pia. Mei 1855 maboti na vyelezo vilivyobeba makreti zaidi ya 200 ya sanamu na nakshi za Khorsabad, mji wa kale wa Ashuru, kwenda Ufaransa vilishambuliwa na kuzama karibu na al-Qurnah. Hadi leo nyingi zimo matopeni.

Mfano ninaoupenda ni wa Tello. Mwaka 2003 polisi wa London walikamata kwa muuzaji mmoja vitu vinane visivyo na karatasi. Miongoni mwake mlikuwa na koni tatu za udongo zenye maandishi ya Kisumeri yanayomtaja mtawala Gudea, mungu Ningirsu na hekalu la Eninnu. Vilikaa polisi miaka mingi, hatimaye vikapelekwa Makumbusho ya Uingereza. Wakati huo huo makumbusho hiyo ilikuwa ikichimba Tello pamoja na vijana wa Kiiraki iliokuwa ikiwafundisha, na hapo kwenye magofu ya Eninnu yenyewe walikuta koni za namna ile ile ukutani, na pembeni mashimo ya wezi. Kwa hiyo ilijulikana vimetoka kilima gani, na karibu na shimo gani. Mwaka 2018 vikarudi Iraki. Ni nadra sana, na iliwezekana kwa sababu kuna watu waliokuwa wanachimba kihalali mahali hapo hapo.

Je, msomi asome kibao cha wizi?

Wataalamu wenyewe hawajapatana. Kundi moja linasema maneno hayana hatia: usipoyanakili leo, kesho kibao kimepotea kwenye kabati la tajiri. Kundi la pili linajibu kwamba msomi akitoa tafsiri na sahihi yake, amempa muuzaji cheti cha uhalisi bure, na bei ya kibao kinachofuata imepanda. Vibao vya Garšana, mji mwingine wa zama hizo, na vya Irisagrig vilichapishwa hivyo, na mengi tunayoyajua kuhusu wafalme wa Ur yametoka humo.

Msimamo wangu: visomwe vikiwa vimeshakabidhiwa serikali ya Iraki, au angalau kurejeshwa kukiwa kumekubaliwa kwa maandishi, na jina la mnunuzi litajwe wazi kwenye ukurasa wa kwanza. Kukaa kimya juu ya njia kilikopita ndiko kunakoniudhi kuliko kukisoma.

Vibao bandia vipo?

Vipo tele, na havikuanza jana. Baghdad ya karne ya 19 ilikuwa na mafundi wake. Julai 2019, kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow, yalinaswa masanduku mawili ya chuma kutoka Bahrain yenye vitu vya udongo karibu 190, vikiwemo vibao. Mwanzoni ilionekana ni hazina. Wataalamu wa Makumbusho ya Uingereza walipovikagua wakaona udongo wote ni mmoja, vyote vimechomwa sawasawa kwenye tanuru la kisasa, na aina za vibao ambazo hazijapata kukutwa pamoja zimejaa sanduku moja. Maandishi nayo yalikuwa mchanganyiko wa alama, nyingine zimegeuzwa kichwa chini. Vyote bandia.

Mnunuzi basi ana njia mbili: kibao ni cha kweli na huenda kimeibwa, au hakijaibwa kwa sababu kilifinyangwa mwaka jana.

Sheria inasemaje?

Mkataba wa UNESCO wa 1970 unazitaka nchi zizuie biashara ya mali za utamaduni zilizotoroshwa. Azimio namba 1483 la Baraza la Usalama, Mei 2003, linakataza biashara ya vitu vilivyotolewa Iraki kinyume cha sheria tangu Agosti 1990, na azimio 2199 la Februari 2015 likaongeza Syria. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: kwa amri yake ya 2003, aliyekutwa na kitu hicho ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba hakujua wala hakuwa na sababu ya kushuku. Kwa sheria ya Iraki yenyewe, chochote cha kale kilichomo ardhini ni mali ya taifa.

Sisi wa Afrika Mashariki tunahusikaje?

Soko ni lile lile. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam ilivunjwa na vitu kadhaa vikaibwa, kikiwemo kinyago cha Kimakonde cha kuvaa. Mwaka 1985 kinyago hicho kilinunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Kilirudi Tanzania mwaka 2010, baada ya mazungumzo yaliyodumu takriban miaka 20. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za kuwakumbuka wafu, viling'olewa kwenye maboma ya pwani ya Kenya na kuishia kwenye makumbusho nyingi za Marekani, vingi vikitolewa kama zawadi na matajiri waliopata nafuu ya kodi. Ukifuata hatua moja moja, kuanzia kijana aliyeng'oa usiku hadi karatasi safi ya muuzaji, hutaona tofauti na Umma.

Na kwa ndugu zetu walioko Ghuba: vifurushi vya kesi nilizotaja vilipitia Emirati na Bahrain. Mtu anayefanya kazi kwenye mizigo akiombwa abebe sanduku la "sampuli za vigae" kwa ajili ya rafiki wa bosi, aulize maswali.

Nimeona kibao kinauzwa mtandaoni kwa dola mia chache. Ninunue?

Usinunue. Maneno kama "kutoka mkusanyo wa familia moja Uswisi, miaka ya 1960" si ushahidi bila risiti ya wakati huo, picha ya zamani au kibali cha kutoa nchini. Ukimwomba muuzaji karatasi hizo, jibu lake litakutosha.

Ukitaka kuvitazama, mradi wa CDLI umeweka mtandaoni picha na maelezo ya mamia ya maelfu ya vibao, bure.

Nikitembelea magofu, nikiokota kigae kimoja kuna ubaya?

Kuna ubaya, na kuna jela. Juni 2022 mahakama ya Baghdad ilimhukumu mtalii Mwingereza mstaafu miaka 15 kwa vipande vya vyungu alivyookota Eridu. Hukumu ilifutwa mwezi uliofuata naye akaachiwa, lakini wiki zile hakuzilala nyumbani kwake. Kiache kilipo, piga picha.

Mzee wetu alifanya kazi Iraki zamani, akatuachia kibao. Tufanye nini?

Kwanza msikioshe. Maji yanaweza kuyeyusha kibao ambacho hakikuchomwa, na mswaki unafuta alama. Msikibandike gundi kama kimevunjika. Wekeni vipande pamoja kwenye boksi lenye karatasi laini, mahali pakavu pasipo jua. Kipigeni picha pande zote sita, pembeni pakiwa na rula, taa ikitokea upande wa kushoto juu ili alama zionekane kwa kivuli chake. Andikeni kila mnachokumbuka: mzee alikaa mji gani, miaka gani, nani alimpa, kama kuna barua au pasipoti yenye mihuri. Kisha tumeni picha na maelezo hayo kwa idara ya Mashariki ya Kati ya makumbusho kubwa au kwa ubalozi wa Iraki ulio karibu. Msikitume kibao chenyewe kwa posta kabla hamjapata jibu, kwa sababu kukivusha mpaka bila kibali kunaweza kuwaingiza ninyi kwenye kosa ambalo mzee hakulifanya.

Na jamaa akija na bei mezani kabla ya jibu hilo kufika, mwambieni kina mwenyewe.